Usingizi wa pono kwenye Linux: patisheni ya swapu, faili la swapu, au uachane nao?

Umemaliza kazi usiku, ukailaza kompyuta, taa zote zikazimika. Asubuhi unabonyeza kitufe ukitarajia madirisha yako yarudi kama ulivyoyaacha. Unakutana na ukurasa wa kuingia, na ndani hamna kitu: kivinjari kitupu, waraka umefungwa. Au mbaya zaidi, kioo cheusi, feni inazunguka, kibodi haijibu. Nimekaa mbele ya mashine za namna hii mara nyingi, zangu na za watu, na karibu kila mara mwenyewe huwa ameshakata shauri. Mmoja anasema Linux haiwezi. Mwingine anataka kuunda upya swapu (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu ya kompyuta) usiku huohuo. Wote wawili wanatafuta dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Jambo hili naliona zito kwa sababu ninakoishi umeme hukatika bila kubisha hodi, na wengi wetu tunatumia laptopu za mtumba zenye betri ya dakika 40. Mdogo wangu alipoteza kurasa 11 za ripoti ya chuo kwa kudhani kompyuta yake imelala kabisa, kumbe ilikuwa imesinzia tu. Betri ilipokwisha alfajiri, kazi ikaenda nayo.

Basi tuelewane maneno kwanza. Kwa amri ya `systemctl suspend` kompyuta inasinzia: kazi zako zinabaki ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na RAM inahitaji umeme kidogo muda wote ili isisahau. Huo nitauita usingizi wa mang'amung'amu. Kwa amri ya `systemctl hibernate` keneli (kiini cha Linux) inachukua nakala ya RAM, inaiandika kwenye swapu iliyo ndani ya diski, kisha inazima kila kitu. Huo ni usingizi wa pono. Unaweza kuchomoa betri ukakaa wiki nzima, na nakala bado ipo.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu: kuutengeneza usingizi wa pono juu ya patisheni ya swapu, kuutengeneza juu ya faili la swapu, au kuuacha na kutumia mang'amung'amu peke yake. Mwishoni nitagusa njia ya katikati inayozichanganya.

Jua ugonjwa kabla ya kuchagua

Angalia kwa makini mashine inavyoshindwa, maana kushindwa kwenyewe kunasema.

Ikiwaka upya kama kawaida, bila kosa lolote kiooni na bila kazi zako, basi nakala huenda iliandikwa vizuri lakini mfumo ulipowaka haukujua pa kuitafuta. Anwani imepotea. Hii ndiyo hali ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo rahisi kutibu.

Ukiona inasoma nakala, asilimia zinapanda, kisha giza, anwani ni nzima. Kilichogoma ni kifaa ambacho draiva yake imeshindwa kukiamsha, mara nyingi kadi ya picha au ya Wi-Fi.

Na ikikataa kulala tangu mwanzo, sababu kubwa ni mbili. Ama swapu haina nafasi ya kutosha, ama Secure Boot, kinga inayokagua programu za kuwashia mashine, imefunga mlango. Keneli 5.4 ya mwaka 2019 ilileta ulinzi uitwao lockdown, na distro (aina za Linux) kama Ubuntu, Fedora na Debian huuwasha pale Secure Boot inapokuwa hai. Chini yake usingizi wa pono hauruhusiwi, kwa kuwa mtu anaweza kuichezea nakala iliyo kwenye diski wewe ukiwa mbali. Andika `cat /sys/kernel/security/lockdown`. Mabano ya mraba yakiwa kwenye `integrity` badala ya `none`, umepata jibu, na hakuna swapu yoyote itakayokusaidia mpaka uamue kama utazima Secure Boot ndani ya BIOS.

Kama macho hayatoshi, yapo majaribio mazuri. Hifadhi kazi zako, kisha:

`echo test_resume | sudo tee /sys/power/disk`
`echo disk | sudo tee /sys/power/state`

Keneli itaandika nakala na kuisoma papo hapo bila kuzima mashine. Ikirudi salama, swapu inafaa na draiva nyingi zinaamka, kwa hiyo mshukiwa ni anwani inayotumika wakati wa kuwaka. Ikiganda, usiguse swapu. Tatizo ni vifaa. Jaribio hili halithibitishi yote, kwa kuwa umeme haukukatwa kweli, lakini limeniokolea saa nyingi. Ukimaliza, rudisha hali ya kawaida kwa `echo platform | sudo tee /sys/power/disk`. Mwenye kadi ya NVIDIA asilitegemee, kwa sababu draiva rasmi ya NVIDIA huandaliwa na huduma za systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kabla ya kulala, na amri hizi mbili zinazipita pembeni.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu uchaguzi kati ya patisheni na faili ni uchaguzi wa anwani tu. Kama kadi ya picha ndiyo inayogoma, itagoma vilevile nakala ikitoka kwenye patisheni au kwenye faili.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Kuiweka kunataka nini? Inaharibika vipi? Kazi yako inabaki umeme ukiisha? Siri zako ziko salama kiasi gani laptopu ikiibwa? Na inamfaa nani?

Njia ya kwanza: patisheni ya swapu

*Kuiweka.* Kipande cha diski kinatengwa kwa swapu peke yake, na mfumo unaambiwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho. Jambo la kwanza ni ukubwa. Keneli hujitahidi kuipunguza nakala hadi takriban 2/5 ya RAM, kiasi unachoweza kukiona ndani ya `/sys/power/image_size`. Kwa RAM ya GB 8 ni kama GB 3.2. Lakini hilo ni lengo tu, na swapu hiyohiyo inaweza kuwa imebeba mambo mengine siku hiyo. Mimi hutenga sawa na RAM au zaidi kidogo, nikalala na mimi.

Kwenye Debian na jamaa zake anwani huandikwa ndani ya `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume` kwa mstari mmoja, `RESUME=UUID=` ikifuatwa na namba, kisha `sudo update-initramfs -u -k all` ili kuunda upya initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine inapowaka. Kwenye Arch unaweka `resume=UUID=` kwenye mstari wa keneli (maelekezo ambayo keneli hupewa inapowaka), na kama mkinitcpio yako (chombo cha Arch cha kuunda initramfs) inatumia huki, yaani hatua, ya udev, unaongeza huki ya `resume` baada yake na kuendesha `mkinitcpio -P`. Kwenye Fedora ni moduli ya `resume` ya dracut, kisha `dracut -f`.

*Inapoharibika.* Hapa kuna kisa ambacho kila fundi wa Linux atakutana nacho. Mtu ana Debian, anaongeza distro ya pili pembeni ili aijaribu. Kisakinishi cha ile ya pili kinaona patisheni ya swapu, kinaifomati upya, na UUID inabadilika. Distro ya kwanza inaendelea kutafuta namba ya zamani. Dalili yake ni kwamba hata kuwaka kwa kawaida kunakawia kwa makumi ya sekunde na kiooni panatokea `Gave up waiting for suspend/resume device`. Linganisha namba ya `lsblk -f` na iliyo ndani ya `/proc/cmdline`, `/etc/fstab` na faili la `resume`. Zikitofautiana, sahihisha, unda initramfs upya, umepona. Dakika tano.

Patisheni moja ikitumiwa na distro mbili ina hatari nyingine, na hii naomba uishike. Ukishailaza moja usingizi wa pono, usiwashe ya pili. Ya pili inaweza kuitumia swapu ileile na kuifuta nakala. Lililo baya zaidi ni kufungua diski za ile iliyolala na kuandika humo. Iliyolala inakumbuka mafaili yalivyokuwa jana. Ikiamka itaandika kwa kumbukumbu ya jana juu ya diski ya leo, na mfumo mzima wa mafaili unaweza kuharibika. Nakala ikipotea unapoteza kazi za jana usiku. Mfumo wa mafaili ukiharibika unaweza kupoteza za miaka.

Udhaifu wa mwisho ni ugumu wa kubadilisha ukubwa. Ukiongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16, patisheni iliyokuwa inatosha inakuwa fupi, na kuipanua kunahitaji kuwasha kutoka fleshi na kusogeza patisheni nyingine.

*Umeme ukiisha.* Kazi inabaki. Nakala ikishaandikwa, betri haina kauli tena.

*Siri zako.* Swapu isiyosimbwa inabeba kila kilichokuwa kwenye RAM: barua, nywila, funguo. Aliyeiba laptopu anaweza kusoma. Kinyume chake, mpangilio wa kuongozwa wa kisakinishi cha Debian, ule wa LVM (mgawanyo wa diski unaobadilika) iliyosimbwa, huiweka swapu ndani ya LUKS, usimbaji wa diski wa Linux. Mfumo unakuomba nywila kabla ya kuitafuta nakala, na kila kitu kinabaki kimefungwa. Jihadhari na usimbaji wa aina nyingine: ukiona `/etc/crypttab` inaiunganisha swapu na `/dev/urandom`, ufunguo mpya unatengenezwa kila unapowasha. Nakala ya jana haitafunguka hata mara moja. Nimeona watu wakihangaika siku mbili na mstari huo mmoja.

*Inamfaa nani.* Mwenye distro moja, RAM asiyokusudia kuiongeza, na anayependa anwani yenye namba moja tu.

Njia ya pili: faili la swapu

*Kuiweka.* Ubuntu ilihamia kwenye faili la swapu kama chaguo la kawaida kuanzia toleo la 17.04, kwa hiyo wengi mnalo tayari, ila mara nyingi ni dogo kuliko RAM. Kwenye mfumo wa mafaili wa ext4 kuunda la GB 16 ni hivi:

`sudo swapoff /swapfile`
`sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=16384`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Kama faili lilikuwa halipo, ruka amri ya kwanza. Baada ya hapo inakuja sehemu inayowakwaza watu: anwani ya faili ina namba mbili. Ya kwanza ni UUID ya patisheni *iliyolibeba* faili, si ile UUID inayochapishwa na `mkswap`. Ya pili ni mahali faili linapoanzia ndani ya patisheni hiyo. Unaipata kwa `sudo filefrag -v /swapfile`: kwenye mstari wa kwanza wa jedwali, namba ya kwanza chini ya `physical_offset`. Zote mbili zinaingia kwenye mstari wa keneli ndani ya `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux), moja kama `resume=UUID=`, nyingine kama `resume_offset=`, kisha `sudo update-grub`.

Kwenye btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, usitumie `filefrag`. Itakupa namba, na namba hiyo itakudanganya. Tumia `sudo btrfs inspect-internal map-swapfile -r` ukifuatisha njia ya faili. Btrfs ilianza kukubali faili la swapu kwenye keneli 5.0, kwa masharti: faili lisibanwe, lisinakiliwe linapoandikwa, na saboliumu yake (sehemu ya btrfs inayojitegemea) isipigwe snapshoti swapu ikiwa inatumika. Liwekee saboliumu yake peke yake na utaepuka mengi.

Watumiaji wa Fedora wana hali yao. Tangu Fedora 33 ya mwaka 2020 swapu ya kawaida ni zram, yaani swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe. Kuandika nakala ya RAM ndani ya RAM kisha kukata umeme hakuhifadhi kitu, kwa hiyo zram haiwezi kubeba usingizi wa pono. Lazima uongeze faili au patisheni. Zram unaweza kuiacha iendelee na kazi zake za kila siku.

*Inapoharibika.* Ukilifuta faili na kuliunda tena, hata kwa ukubwa uleule, mahali linapoanzia panaweza kubadilika, na hapo anwani inakufa. Wengi hupatwa hivi: wiki ya kwanza usingizi unafanya kazi, wiki ya tatu wanapanua faili, na kuanzia hapo mashine haiamki. Hawaunganishi mambo mawili kwa sababu swapu yenyewe inaonekana nzima kwa `swapon --show`. Inaonekana nzima kwa sababu mfumo uliokwisha kuwaka hulifikia faili kwa jina lake. Initramfs inalitafuta kwa namba.

Kwa mashine za UEFI (iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani) mambo yamepata nafuu. Matoleo ya systemd ya kuanzia mwaka 2023 yanaweza kuandika anwani ya nakala ndani ya kumbukumbu ya UEFI kila unapolala, na kuisoma unapowasha, bila wewe kuhesabu chochote. Sharti ni kwamba initramfs yako nayo iendeshwe na systemd, kama ilivyo kwa dracut ya Fedora. Initramfs-tools ya Debian bado inataka uiambie mwenyewe.

*Umeme ukiisha.* Sawasawa na patisheni. Kazi inabaki.

*Siri zako.* Faili linarithi usalama wa patisheni lililomo. Kama mzizi wa mfumo umesimbwa kwa LUKS, faili limesimbwa pia, bila mpango wa ziada. Hapa faili linaipita patisheni kwa urahisi: huhitaji LVM wala ufunguo wa pili.

*Inamfaa nani.* Anayetarajia kuongeza RAM, mwenye diski ambayo tayari imesimbwa yote, mwenye distro kadhaa anayetaka kila moja iwe na swapu yake, na yeyote ambaye mfumo wake ulikuja na faili tayari. Haimfai anayebadilibadilisha mipangilio bila kuandika alichofanya.

Njia ya tatu: mang'amung'amu peke yake

*Kuiweka.* Mara nyingi hakuna cha kuweka; unafunga kifuniko. Jambo la kukagua ni moja: `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona `[deep]`, mashine inazima karibu kila kitu isipokuwa RAM. Ukiona `[s2idle]`, kichakataji kinapumzika tu na vifaa vingi vinabaki nusu macho, kwa hiyo betri inaliwa zaidi. Kama zote mbili zimeorodheshwa, unaweza kuchagua ya kina kwa kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari wa keneli. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina `deep` kabisa, na hakuna amri itakayoileta. Laptopu za mtumba za miaka ya 2010 huwa nayo, na hapo uzee ni faida.

*Inapoharibika.* Matatizo ya anwani hayapo, kwa sababu hakuna nakala ya kutafuta. Secure Boot haizuii. Draiva mbovu inaweza kugoma hapa pia, ila ninavyoona mimi ni mara chache zaidi, kwa kuwa watu wengi hutumia usingizi huu na makosa yake huripotiwa na kurekebishwa mapema.

*Umeme ukiisha.* Hapa ndipo njia hii inapoanguka. Betri ikikauka, kila ambacho hukukihifadhi kimekwenda. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS haifai kuachwa hivi usiku mahali ambapo umeme hukatika.

*Siri zako.* Ufunguo wa LUKS unabaki ndani ya RAM wakati wote mashine imesinzia. Mwizi akiichukua hivyo, kinachomzuia ni ukurasa wa kufunga kioo tu. Kwa mwandishi wa habari, wakili au daktari anayebeba mafaili ya watu, tofauti hii ni kubwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye betri nzima, anayefungua na kufunga laptopu mara kumi kwa siku, na mwenye mazoea ya kuhifadhi kazi. Pia mwenye mashine ambayo kadi yake ya picha imeshindikana kabisa.

Kabla hujaitangaza kadi yako kuwa imeshindikana

Nasimama hapa kidogo kwa sababu wengi huachana na usingizi wa pono mapema mno kwenye hatua hii.

Draiva rasmi ya NVIDIA, isipoambiwa, haihifadhi yote yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kadi mashine inapolala. Unaamka na kioo cheusi au picha zilizochanika. Dawa iko sehemu mbili. Ndani ya faili la `/etc/modprobe.d/` weka `options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1 NVreg_TemporaryFilePath=/var/tmp`, halafu washa huduma tatu: `nvidia-suspend`, `nvidia-hibernate` na `nvidia-resume`. Njia ya `/var/tmp` ina maana yake: distro nyingi zimeiweka `/tmp` ndani ya RAM, na kuhamishia humo kumbukumbu ya kadi kunakula RAM ileile unayotaka kuinakili. Kama draiva yako inapakiwa mapema ndani ya initramfs, iunde upya.

Wi-Fi isiyorudi baada ya kuamka ni jambo dogo. Andika skripti fupi ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/` inayoondoa moduli kwa `modprobe -r` inapopokea neno `pre`, na kuirudisha inapopokea `post`.

Kama hujui kifaa kipi kinagoma, `echo devices | sudo tee /sys/power/pm_test`, halafu jaribu kulala. Mfumo utavilaza vifaa, usubiri sekunde 5, uviamshe, bila kwenda mbali zaidi. Ukikwama hapo, `journalctl -b -1` baada ya kuwasha upya mara nyingi itakuonyesha jina la kifaa cha mwisho. Rudisha `none` ukimaliza.

Jambo moja zaidi: ukisasisha keneli, washa upya kabla ya kulaza mashine. Na kama nakala mbovu inakuzuia kuwaka, ongeza `noresume` kwenye mstari wa GRUB kwa mara hiyo moja. Utapoteza kazi za kikao kile, mfumo utawaka.

Njia ya katikati

Usingizi wa pono ukishafanya kazi, kwa patisheni au kwa faili, systemd inakupa michanganyiko miwili. `systemctl hybrid-sleep` inaandika nakala kwenye diski kisha inasinzia. Umeme ukibaki unaamka upesi, ukikatika nakala ipo. `systemctl suspend-then-hibernate` inasinzia kwanza, na baada ya muda ulioweka kwa `HibernateDelaySec=` ndani ya `/etc/systemd/sleep.conf` inazama kwenye pono. Mimi nimeweka dakika 30. Kwa betri iliyochoka usiache muda mrefu, kwa sababu mashine lazima iwe na chaji ya kutosha kuamka na kuandika nakala.

Wanaohofia SSD kuchakaa nawapa hesabu. Nakala ya GB 5 mara mbili kwa siku ni GB 10, yaani kama TB 3.65 kwa mwaka. Samsung 860 EVO ya GB 250 ina dhamana ya kuandikwa TB 150. Hofu hiyo iwekeni kando. Mwenye diski ya kuzunguka ana shida tofauti: kusoma GB 5 kwa MB 100 kwa sekunde ni sekunde 50 za kusubiri, na huenda kuwasha upya kukawa sawa na hapo.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama mashine inawaka upya bila kosa na umekuwa na patisheni ya swapu siku zote, baki nayo na urekebishe UUID. Kuhamia kwenye faili kutakuongezea namba ya pili bila kukutatulia lolote.

Kama uko Ubuntu au Fedora na hujawahi kuwa na patisheni ya swapu, nenda na faili. Usianze kukata diski yenye data kwa ajili ya hili.

Kama diski yako imesimbwa na unabeba siri za watu, chagua pono juu ya swapu iliyo ndani ya LUKS, na ujizoeze kutumia `systemctl hibernate` kila unapotoka nyumbani. Mashine yenye Secure Boot itakulazimisha kuchagua ulinzi mmoja kati ya miwili. Anayehofia wizi wa laptopu mtaani na anayehofia mtu kuichezea mashine yake hotelini hawatafikia jibu moja.

Kama jaribio la `test_resume` linaganda na umeshajaribu dawa za draiva hapo juu, tumia mang'amung'amu na uweke kihariri chako kihifadhi kazi kila dakika 2. Jaribu tena pono baada ya sasisho kubwa la keneli, draiva hurekebishwa.

Kama betri yako ni ya dakika 40 na umeme wa mtaani kwenu hauaminiki, lenga `hybrid-sleep`, na uifanyie mazoezi mchana ukiwa na muda: laza, chomoa chaja na betri, subiri dakika 5, washa. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kuiachia kazi unayoithamini. Na kama ni kompyuta ya mezani, tafuta UPS kwanza, hata ndogo, kwa sababu umeme unaokatika ukiwa katikati ya sentensi haungoji amri yoyote kati ya hizi.